Revolver Tatu Nyumbani kwa Ceferina

Hadubini ya zahanati ya Puerto Lisandro iliharibika mwezi wa pili, mvua ikiwa imepamba moto, na kufikia wiki iliyofuata Pasaka ilikuwa bado imefunikwa kitambaa pale dirishani. Yenyewe haikuwa imekufa. Kioo chake cha kuvutia mwanga wa jua kilikuwa kizima, na lenzi zake nne hazikuwa na hata mkwaruzo. Kilichokufa ni lile gurudumu dogo la shaba linaloshika lenzi, ambalo ukilizungusha kwa vidole lenzi moja inaondoka na nyingine inakuja mahali pake, inalia ta! na kutulia. Sasa lilikuwa halitulii. Ceferina Ovelar, aliyekuwa amepima damu na makohozi ya watu wa wilaya ile kwa miaka kumi na minne, alijaribu kulifunga kwa uzi, akajaribu waya, akajaribu hata nta ya nyuki. Kila alipoinamisha jicho aliona nusu duara, na nusu nyingine giza.

Basi damu ikawa inasafirishwa Asunción, mji mkuu. Alitoboa vidole vya watu, akapaka matone kwenye vipande vya kioo, akavipanga ndani ya boksi la sigara na kuvipeleka kwa boti ya mto. Majibu yalirudi baada ya siku kumi na saba, pengine ishirini. Vidonge vilikuwa vichache, na amri ilikuwa vitolewe kwa mwenye jibu mkononi tu. Huko juu mtoni, kwenye kambi ya wakata magogo, homa ilikuwa imeingia. Mpishi wa kambi, mwanamke mmoja aliyeitwa Deolinda, jibu lake la malaria lilifika siku nne baada ya kuzikwa. Ceferina aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake.

Lile gurudumu lina jina lake. Mafundi wa vyombo huliita revolver, kwa sababu linazunguka kama kile kipipa cha risasi cha bastola. Ceferina alilifungua kwa bisibisi ya mumewe akalipeleka kwa Don Anselmo, fundi wa miwani na saa huko Asunción, pamoja na barua ndefu ya kumsihi. Don Anselmo hakuwa mtu wa maneno mengi. Akajibu siku ya Ijumaa kwa telegramu:

REVOLVER TAYARI. IMEJARIBIWA HAIKWAMI. INAKUJA JUMANNE NA NIMIA.

Telegramu ile Ceferina hakuiona. Ilipokewa posta, ikasomwa, ikasomwa tena na mtu mwingine, kisha ikavuka uwanja na kwenda kulala juu ya meza ya mkuu wa kituo cha polisi. Ilikuwa miaka ile ambayo hali ya hatari ilikuwa ikiongezwa muda kila baada ya miezi mitatu, na mkuu wa kituo, Rolón, alikuwa mgeni mjini, hajamaliza hata miezi minne.

Jumanne yenyewe Ceferina alikuwa uani na mama yake, Bi Bonifacia, au Ña Bonifacia kama walivyomwita mjini, wakipika jemu ya mapera. Mapera yalikuwa yameiva mji mzima kwa pamoja, yakaanguka na kuoza njiani, na harufu yake ilikuwa imeingia hata kwenye nguo zilizoanikwa. Sufuria ya shaba ilikuwa mekoni tangu asubuhi. Bibi kizee alikuwa ameshika mwiko mrefu kama kasia, anakoroga. Chumba cha mbele Lino, mumewe Ceferina, fundi wa matandiko ya farasi, alikuwa anashona tandiko, sindano mbili mdomoni.

Waliingia wanne chumba cha mbele, Ceferina akaja kutoka uani: askari wawili wenye bunduki, Koplo Zárate, na karani wa kituo, Cañete. Zárate alikuwa mnene, mtu wa palepale, ambaye Ceferina aliwahi kumpima minyoo. Alivua kofia.

"Ña Ceferina, utusamehe sana. Tumetumwa kupekua."

"Kupekua nini, Zárate?"

"Silaha," alisema Cañete. Huyu alikuwa mwembamba, ana kalamu tatu mfukoni, na zamani kidogo alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu. Akamgeukia Lino. "Wewe bwana. Humu ndani mna revolver?"

Lino alikuwa mkweli kiasi cha kuchosha watu. Akatoa sindano mdomoni, moja moja.

"Ipo."

Bunduki mbili zikainuka.

"Iko wapi?"

"Nyuma yako hapo ukutani. Nyingine ndogo nimemwazima padri."

"Padri?" Cañete aliuliza, na kalamu ikaanza kukimbia juu ya daftari. "Padri ana revolver?"

"Tangu Jumapili. Hajarudisha."

Cañete akageuka polepole, kama mtu aliyeambiwa ana nyoka begani. Ukutani palining'inia nyundo, visu vya ngozi, na koleo lenye kichwa cha mviringo kilichozungukwa na midomo sita ya chuma, midogo kwa mikubwa, ya kutobolea mikanda.

"Ndiyo hiyo," Lino alisema. "Unazungusha kichwa unachagua ukubwa wa tundu. Kazini kwetu tunaiita hivyo. Lete mkanda wako nikuongezee tundu, maana naona suruali inakukimbia."

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Cañete hakucheka. Aliandika, kisha akaamuru watu wote wasimame ukutani, na bibi naye kule uani.

"Mkinisimamisha ukutani nani anakoroga?" Ña Bonifacia aliuliza. "Hii ikishika chini, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Zárate! Wewe mwanangu una mikono mizuri. Shika."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi je? Shika! Upande mmoja tu, usibadilishe. Na nyinyi wengine msije mkanivurugia vitu vyangu!"

Hapo ndipo Cañete aliposimamisha kalamu. Kwa Kihispania bibi alikuwa ametamka neno lilelile, revolver. Ndivyo lugha ile ilivyo: ukilikazia katikati ni bastola, ukilikazia mwisho ni kukoroga, au kuvuruga, au kupekua vitu juu chini. Mdomoni hakuna anayechanganya. Kwenye karatasi tofauti ni kialama kimoja kidogo kama mkia wa mjusi juu ya herufi, na mashine ya telegramu haikuwa na kialama hicho, kama ambavyo wazee wengi wakiandika kwa mkono hawakiweki.

Wakapekua. Walifungua kabati la sahani, wakatikisa magodoro, wakamwaga kikapu cha nyuzi. Koplo Zárate alikuwa uani anakoroga, jasho linamtiririka, huku bibi akimkaripia kutoka ukutani kwamba anakoroga kama mtu anayebembeleza mtoto wa watu. Mwishowe askari mmoja akaleta bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati, na ndani yake, chini ya picha za harusi na cheti cha ubatizo, karatasi kuukuu yenye madoa ya kahawia. Cañete akaisoma kwa sauti.

"'Anza saa nne. Revolver taratibu. Upande mmoja. Usiache revolver mpaka chini kuonekane. Watu wakija, mwingine ashike.'" Akainua macho. "Chini kuonekane. Chini ipi hiyo? Nyinyi ni watu wa chini kwa chini?"

"Chini ya sufuria, we kijana!" Ña Bonifacia alimjibu. "Marehemu mama aliandika hiyo. Jemu ikiwa tayari, ukipitisha mwiko unaona shaba kule chini. Kwenu hamkupikwa jemu? Mlilelewa na nani?"

"Na hapa, 'watu wakija, mwingine ashike.' Ashike nini?"

"Ashike mwiko! Kama alivyoshika huyo koplo wako!"

Wote wakamtazama Zárate. Zárate akatazama sufuria.

"Afande karani," alisema kwa unyonge, "mimi naona kweli ni jemu."

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Cañete akasema, kwa sauti ya mtu aliyeficha karata nzuri mpaka mwisho, kwamba wao hawakuja kwa kubahatisha, kwamba yule mwanamke Nimia, mbeba vifurushi, alikamatwa gatini asubuhi ile mzigo ukiwa umefichwa ndani ya kapu la jibini, na kwamba mzigo wenyewe uko kituoni.

Ceferina alisahau bunduki, akasahau ukuta. Miezi miwili alikuwa akilala na kuamka na kitu kimoja kichwani. Mikono ikamwenda kifuani yenyewe.

"Imefika?" alisema. "Jamani, revolver yangu imefika?"

Bibi alimtolea macho.

"Amekiri," Cañete alisema, akaandika.

Alipelekwa kituoni kwa miguu, amevaa aproni yenye madoa ya mapera, Lino akifuata nyuma hatua kumi kwa sababu aliambiwa asikaribie. Watu walitoka milangoni. Wengine aliwahi kuwatibu watoto wao; walimtazama, kisha wakatazama pembeni. Kumsalimia mtu anayekwenda upande ule na askari wawili halikuwa jambo dogo siku zile. Kilichomuuma Ceferina si woga, woga wenyewe alikuwa hajaupata bado. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa anawaelewa.

Kabla hajaingia mlangoni alimsikia Nimia. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mjane, ambaye kila wiki alipanda boti kwenda Asunción na kurudi, akibeba vifurushi, barua na dawa za watu, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini.

"Jibini langu mnakula!" alikuwa akipiga kelele kutoka mahabusu. "Nawasikia mnavyotafuna! Mnanikamata kwa bastola halafu mnakula jibini! Jibini nalo mmelikuta na risasi?"

Mkuu wa kituo alikuwa ofisini. Rolón alikuwa mtu mkubwa, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, na jambo la kwanza Ceferina aliloliona, kabla hata ya lile gurudumu lake la shaba juu ya meza, ni kwamba amejifunika poncho, joho zito la sufu. Mbwa wa kituo alikuwa amelala kwenye tope kutafuta ubaridi, na mkuu amejifunika poncho. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Mkono uliokuwa juu ya meza ulitetemeka, akaushika kwa mkono mwingine.

"Kaa," alisema. "Hii ni nini?"

"Ni revolver, afande."

Rolón alikuwa amejiandaa kwa uongo, ukweli ulimchanganya. Akamtazama karani wake. Cañete akasogea, akaligeuza gurudumu kwa ncha ya kalamu kama anayegeuza mdudu.

"Matundu manne, afande. Kipipa cha risasi nne. Bila shaka vipande vingine vinaletwa kimoja kimoja."

"Ingiza kidole," Ceferina alisema.

"Nini?"

"Ingiza kidole gumba kwenye tundu."

Cañete alisita, akaingiza. Kidole kilizama mpaka kwenye kiungo na bado kilicheza.

"Risasi inayojaa hapo ni ya mzinga," Ceferina alisema. "Nani ataibeba hiyo bastola, ng'ombe wawili? Afande, hiki ni kifaa cha hadubini ya zahanati. Lenzi zinafungwa hapo. Unazungusha, inakuja unayotaka, kama inavyokuja risasi nyingine kwenye hiyo yako hapo kiunoni. Jina ni moja kwa sababu zote zinazunguka. Mwandikie Don Anselmo. Mwulize daktari wa wilaya."

"Daktari wa wilaya yuko mbali siku tatu," Rolón alisema.

"Na kukoroga, afande?" Cañete aliingilia, hataki kuachia. "Kuna ile karatasi ya nyumbani kwake. Usiache kukoroga. Mtu anaweza kukoroga jemu, sikatai. Lakini mtu anaweza pia kukoroga watu. Kule kambini wakata magogo wamekataa kazi wiki iliyopita. Nani kawakoroga?"

"Wamekataa kazi kwa sababu wanaumwa!" Ceferina alisimama bila kuambiwa. "Nina vioo vyao hamsini na tatu kabatini zahanati vinavyongoja boti, damu imeshakauka, na siwezi kuisoma kwa sababu hicho kitu kiko mezani kwako!"

"Keti!"

Akaketi. Rolón alifumba macho kidogo, meno yakagongana. Akasema kwa taabu kwamba kidhibiti kitapelekwa makao makuu kwa boti ya Alhamisi, kikaguliwe na mafundi wa silaha, na mambo haya yana utaratibu wake. Mwezi mmoja, labda miwili.

Ceferina alimfikiria Deolinda, ambaye alikuwa akimletea kuku kutoka kambini na kumwita dada. Akamtazama yule mtu aliyejifunika poncho, akamtazama vizuri sasa, kama anavyomtazama mgonjwa anayesubiri kwenye benchi.

"Afande, hiyo baridi imekuanza lini?"

"Ni unyevu wa mto."

"Juzi uliipata? Muda kama huu?"

Rolón akaivuta poncho mpaka shingoni.

"Na jana ulikuwa mzima, unakula vizuri. Siku mbili kabla ya juzi uliipata pia. Kwanza baridi, halafu moto, halafu jasho mpaka shuka zinakamuliwa."

"Nani kakwambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko masharubu yake.

"Hakuna aliyeniambia. Wewe unataka uthibitisho kwamba hiyo si bastola. Zahanati iko hapo ng'ambo ya uwanja na jua bado liko juu. Nipe hiyo revolver, nipe nusu saa na tone moja la damu. Kama sikukuonyesha kitu, niweke chumba kimoja na Nimia."

"Mungu wangu, usimlete huku, nafasi yenyewe hakuna!" Nimia alipiga kelele ng'ambo ya ukuta.

Wakavuka uwanja, mkuu wa kituo katikati, poncho inaburura vumbi. Cañete alibeba gurudumu kwenye leso mikono ikiwa imenyooka mbele. Ndani ya zahanati Ceferina alinawa mikono, akaondoa kitambaa juu ya hadubini, akakaza parafujo, akafunga lenzi moja baada ya nyingine. Don Anselmo alikuwa ametia chemchemi mpya ndani yake. Alipoizungusha ikalia ta! na kutulia, akaizungusha tena bila sababu, kwa ajili ya kuisikia tu.

"Nani anatoa damu?" aliuliza.

Rolón alimtazama Cañete. Cañete akarudi nyuma nusu hatua, akasema yeye ana kazi ya kuandika. Mkuu akatoa mkono wake mwenyewe kwenye poncho. Ulikuwa baridi kama kopo la maji, lakini kipaji cha uso kilikuwa kimeshaanza kuchemka. Ceferina akachoma, akakamua, akalitandaza tone juu ya kioo na kukipepea kwa gazeti likauke. Kisha akamimina rangi. Walikaa wakisubiri. Rolón alivua poncho, baadaye akafungua vifungo vya shati. Homa ilikuwa imepanda kwa kishindo na macho yake yalikuwa mekundu. Aliomba maji mara mbili. Mara ya pili alisema asante.

Ceferina aliosha kioo, akatia tone la mafuta, akageuza kioo cha chini kutafuta jua, akainama. Haikuchukua hata dakika tano. Walikuwepo, wale wadudu wa homa, wengi, kila mmoja ndani ya chembe ya damu iliyovimba, pete zenye nukta nyekundu, kama alivyowazoea.

Akabaki ameinama. Alijua ameshaona, na alijua hao wawili hawajui kwamba ameshaona. Kabati la vidonge lilikuwa mgongoni kwake na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Angeweza kusema: mtoe kwanza Nimia. Angeweza kusema: lichane kwanza hilo daftari. Angeweza hata kusema hakuna kitu, akamwacha mtu huyu aendelee kutetemeka kila baada ya siku moja mpaka ini limkatike. Mawazo hayo yalimjia moja moja, kwa utulivu, na alishangaa kwamba hayakumtia aibu. Kisha akahesabu vidonge kichwani, vya leo, vya kesho na vya kesho kutwa, kama alivyofanya kwa kila mtu.

"Una malaria, afande," alisema. "Njoo utazame. Fumba jicho moja. Usiguse hapo. Umeona?"

Rolón aliinama, akapumua kwa nguvu juu ya chombo.

"Naona madoa."

"Hayo ndiyo yanayokutetemesha."

Alitazama muda mrefu kuliko Ceferina alivyotarajia. Alipoinua kichwa lenzi ilikuwa imemwachia duara kwenye jicho.

"Ninakufa?"

"Hufi. Vinne leo, kisha viwili kila siku kwa siku mbili. Kunywa na chakula, si kwa tumbo tupu. Na vingine hivi kila siku kwa majuma mawili, la sivyo itarudi."

Akampa. Alivihesabu kwenye kiganja chake mbele ya macho yake, kisha ndipo aliposema: "Sasa nataka Nimia atoke. Na hiki kitu kisiondoke hapa."

Mkuu wa kituo alimeza vile vinne, maji yakamwagikia masharubu. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Cañete. Andika."

"Ndiyo, afande."

"Kitu kilichokamatwa kimechunguzwa na kuonekana ni..." Alitafuta neno.

"Revolver?" Cañete aliuliza.

"Ukiliandika hilo neno nakupeleka mpakani ukahesabu mbu. Andika gurudumu. Gurudumu moja la shaba, mali ya zahanati. Na yule mama aachiwe."

"Na karatasi ya jemu, afande?"

Rolón alifumba macho. "Mrudishie bibi karatasi yake."

Nimia alitoka kabla ya jioni, kapu likiwa tupu. Alimpita mkuu wa kituo bila kugeuka, lakini kwa Ceferina alisimama.

"Mimi nimebeba mizigo ya zahanati miaka tisa," alisema. "Damu nimebeba. Makohozi ya watu nimebeba, nimeyapakata kama mtoto. Leo nimevuliwa viatu gatini mbele ya watu wote, wamenipekua mpaka nywele. Tafuta mtu mwingine, dada."

"Nimia, sikujua. Telegramu sikuiona."

"Najua hukujua. Ndiyo maana sikutukani."

Alishika njia akaenda, na kweli hakubeba tena. Ceferina alimlipa jibini lake, akamwomba radhi mara mbili nyingine, na walisalimiana vizuri hadi Nimia alipohamia kwa binti yake. Lakini kifurushi cha zahanati hakukishika. Kutoka mwaka ule dawa zikawa zinaletwa na nahodha wa boti, aliyezisahau mara kwa mara.

Nyumbani jemu ilikuwa imepona. Zárate alikuwa ameikoroga mpaka chini kukaonekana, akaondoka na mtungi mmoja ambao Ña Bonifacia alimpa huku akimwambia kwamba kwa ukoplo hafai ila jikoni angefika mbali. Lino alikuwa anarudisha nyuzi kwenye kikapu, rangi kwa rangi. Alipomwona mkewe mlangoni akamshika mkono akauweka shavuni kwake.

Siku ya pili Ceferina alikaa dirishani na vile vioo hamsini na tatu tangu jua lilipopanda hadi lilipogusa paa la posta. Thelathini na moja vilikuwa na malaria. Aliandika majina yao mwenyewe, hakutaka mtu mwingine ayaandike. Mkuu wa kituo, ambaye siku hiyo alikuwa hajambo, alituma watu kuulizia kama anahitaji farasi. Akajibu anahitaji wawili, na mtu wa kubeba maji ya kunywea.

Aliondoka alfajiri ya Alhamisi na vidonge vyote vilivyokuwa kabatini. Kambini walimpokea wamekaa juu ya magogo yao, wamejifunika magunia. Msimamizi alisema wengi wa hawa wanajisingizia. Ceferina akamwambia anyooshe kidole naye, akamtoboa. Kisha akakunjua karatasi yake na kuanza kuita majina, na kila aliyeitwa alikuja, akafungua kiganja, akameza mbele yake. Jina la kumi na mbili lilikuwa la mume wa Deolinda. Alikuja na mtoto wa kike begani, akapokea vyake, akauliza kama mtoto naye anaweza kupimwa, kwa sababu jana usiku alikuwa wa moto.

"Mlete hapa kwenye mwanga," Ceferina alisema, akaifuta sindano.